Adhana ya Pili

Simu ya kwanza kuingia kapuni ilikuwa ya Tibra mwenyewe. Mama yake, Rabha, ndiye aliyeamuru iwe hivyo, tena mbele za watu, pale mlango wa uani, wageni wa mwanzo wakiwa bado wamejifunika mashuka yao meupe.

"Anza na yako," alimwambia. "Watu waone."

Tibra akaitia simu kimya, akakifuta kioo kwa pindo la nguo, akakitazama, akakifuta tena. Kisha akaitumbukiza kwenye kifuko cha kitambaa chenye namba moja na kukiweka kapuni. Mama yake mdogo, Sabriya, aliyekuwa amejikalia kitini pembeni, kazi yake kuchungulia kila mkoba unaopita, alicheka mpaka bangili zikalia.

"Mtazameni uso huo. Utadhani tumemkata mkono."

"Si kitu, mama mdogo," Tibra alisema. "Ni simu tu."

"Ni simu tu. Basi mbona umesimama kama mwenye haja?"

Wanawake wakacheka. Tibra naye akacheka, maana angefanya nini, akaendelea kupokea simu za watu.

Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa ufamasia kule Tripoli, na alikuwa amerudi nyumbani Benghazi kwa ajili ya harusi ya kaka yake, Faraj. Amri ya simu haikuwa ya mama yake, ingawa yeye ndiye aliyeisimamia kwa jicho kali. Ilikuwa ya mama wa bibi harusi, Hajja Mnina. Miaka michache nyuma, binti yake mkubwa, Najla, alipigwa picha harusini akicheza, nywele wazi, mabega wazi, naye hana habari. Picha ile ikatoka simu hii ikaingia simu ile mpaka ikamfikia mchumba wake, na posa ikafa hapo hapo. Aliyepiga hajulikani mpaka leo. Kwa hiyo Rabha alipokwenda kumposea Faraj yule binti mdogo, Ruwayda, Hajja hakuanza na habari za dhahabu wala nyumba.

"Siku ya shughuli ya wanawake isiingie simu hata moja," alisema. "Mengine yote tutaelewana."

Rabha akaweka kiganja shavuni mwake. "Ikiingia simu, uso wangu huu ni wako, mkwe wangu. Ufanye utakavyo."

Kwetu hilo si neno la kusema ili mazungumzo yaishe. Mtu akiweka uso wake dhamana mbele za watu, kisha likaharibika, hana pa kuupeleka tena. Rabha alilijua hilo, ndiyo maana mlangoni hakumweka jirani wala mtu wa kukodi. Alimweka binti yake.

Watu wazima hawakuleta tabu. Walitoa simu kama wanavyovua viatu, wakapita zao ndani kuulizia chai. Tabu waliileta wasichana wa chuo. Mmoja alidai bibi yake yuko mahututi na huenda akapigiwa. Bibi mwenyewe alikuwa nyuma yake, mzima kabisa, anavua shuka. Mwingine aliomba aachiwe yake ikiwa imezimwa, aishike tu. Wa tatu aliitoa vizuri, akaingia, kisha akawa anarudi mlangoni kuuliza saa, na mle ndani ukutani ilikuwapo saa kubwa kama sinia.

"Mna nini nyinyi?" Sabriya alimwuliza. "Sisi tumeolewa, tumezaa, tumekimbia vita, wala hatukuwa na kidude mkononi."

"Sasa mlikuwa mnajuaje kama watu wenu wamefika salama?"

"Tulikuwa tunalia mpaka wafike."

Kapu likijaa, Tibra alilipeleka chumbani kwa mama yake, akafunga, na ufunguo akaufungia kwenye pindo la nguo yake. Hakuna aliyemwuliza ufunguo ule anakwenda nao wapi. Aliaminiwa, na hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote.

Alasiri ikasonga. Alimimina chai yenye povu, akapitisha karanga, akawabusu shangazi zake vichwani mmoja mmoja, na muda wote huo mkono wake wa kulia ulikuwa na safari zake. Ulishuka nyongani, ukapapasa, haukukuta kitu, ukarudi. Kitambo kidogo ukashuka tena. Mara akahisi simu inatetemeka pajani, akasimama katikati ya watu na birika mkononi, roho imemruka, kabla hajakumbuka kwamba pajani hana kitu. Alijiambia huenda matokeo ya mtihani yametoka. Alijiambia huenda Ghaliya, mwenzake wa chumba kule hosteli, amepatwa na jambo. Alijua fika kwamba hakuna mtu wala jambo lililokuwa likimngoja, na kujua huko hakukumsaidia hata kidogo. Watu walimsemesha naye akaitikia bila kusikia.

"Umechoka, mwanangu?" Rabha alimwuliza walipopishana jikoni.

"Hapana, mama."

"Umesawijika. Kula kitu. Kisha niletee ubani, umebaki chumbani kwangu."

Chumbani kwake, pale pale lilipofungiwa kapu. Tibra alikwenda mbio kuliko haja ya ubani. Kifuko namba moja kilikuwa chini ya vyote, akavipangua kitandani mpaka akakipata, akakaa chini sakafuni na kuifungua simu.

Yaliyokuwa yakimngoja ni haya. Mwanafunzi mwenzake mmoja alikuwa ametuma picha ya paka aliyevishwa miwani. Wengine walibishana kama Jumapili kuna kipindi au hakuna. Ghaliya aliuliza "uko wapi?", halafu "mbona kimya?", halafu akatuma kikatuni kinacholia. Tibra akaandika "nipo," akashusha pumzi ndefu, akaegemea kitanda. Hakukuwa na zaidi.

Alikusudia kuirudisha. Lakini mikono yake ikawa inaisukuma chini ya mkanda mpana wa hariri, kati ya mkanda na mwili, mahali ambapo hata yeye asingeifikia bila kuvua nusu ya nguo zake. Alijiambia afadhali huko, maana hataishika. Ilimtosha kujua ipo. Akabeba ubani, akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza tangu mchana akasikia njaa.

Msikiti wa mtaa ulipoadhini Isha, kina mama waimbaji walizinyamazisha ngoma zao. Wanawake wakavuta vitambaa vichwani, wakaitikia polepole. Wa kusali wakasali, masinia ya tende yakapita, ngoma zikaanza upya, na sasa ikawa zamu ya bibi harusi.

Ruwayda aliingizwa akiwa amefunikwa shela, akakalishwa juu, na dada yake Najla akamfunua. Nywele zilimfika kiunoni. Dhahabu ilikuwa imemjaa kifua kizima, mikono imeiva hina mpaka viwiko. Vigelegele vikapanda. Hajja Mnina alikuwa analia kwa furaha kwenye kiti cha heshima, Rabha yuko ubavuni mwake amemshika mkono, na Tibra amesimama nyuma yao na chetezo.

Hapo mtu akaadhini.

Ilikuwa sauti nzuri ya mwanamume, ya kuvuta, na ilitoka karibu mno. Ngoma zikakatika. Wanawake wakavuta tena vitambaa kwa mazoea, bibi harusi naye akainamisha kichwa. Bibi kizee mmoja akaanza kuitikia, kisha akasita.

"Isha si imekwisha adhiniwa?" akauliza. "Mimi si nimeshasali?"

Tripoli iko magharibi, na huko Isha huchelewa kwa karibu nusu saa. Tibra alipohamia chuoni, Rabha mwenyewe ndiye aliyemwambia aweke adhana kwenye simu, angalau kidude hicho kimkumbushe Mungu. Aliiweka kwa saa za Tripoli na alipokuja nyumbani hakukumbuka kuibadilisha. Simu aliitia kimya, lakini adhana ilikuwa na mlio wake peke yake.

Aliubana mkono tumboni. Sauti ikafifia kidogo, ikaendelea. Akajikunja, akakohoa, akajitia anaweka sawa chetezo. Kuichomoa hawezi, na hata angeweza, nani anaikata adhana katikati mbele ya watu wazima? Kwa hiyo nyumba nzima ikakaa kimya kwa adabu, inasikiliza, vichwa vinageuka kimoja kimoja. Sauti ilipofika mwisho wake, macho yote yalikuwa yametua kwenye mkanda wa Tibra.

Hajja Mnina aliuachia mkono wa Rabha.

"Mfunikeni mwanangu," alisema, na Najla akamrushia Ruwayda shela. Kisha akauliza taratibu, "Huyu muadhini yuko kiunoni mwa nani?"

Hakuna aliyecheka. Sabriya alikwenda akamshika Tibra bega, akaanza kuufungua ule mkanda pale pale, mkunjo kwa mkunjo, mbele ya majirani na wakwe na watoto waliopanda juu ya magodoro ili waone vizuri. Tibra alisimama mikono imeinuliwa, vazi linamlegea, machozi yanamdondoka kidevuni. Simu ikatoka, ina joto la mwili.

"Ni yako?" Rabha aliuliza.

"Yangu, mama."

"Umepiga picha?"

"Sijapiga. Wallahi, mama, sijapiga hata moja."

"Sasa ulikuwa nayo ya nini?"

"Sikuweza kukaa bila."

Mtu akafyonza. Wasichana wa chuo, wote kama walivyokuwa, walitazama miguu yao.

"Kiapo chake sikitaki," Hajja Mnina alisema. "Aliyempiga picha Najla naye angeapa. Mwanangu Akram yuko nje na wanaume. Simu anazijua, hata kilichofutwa anakitoa. Binti atoe namba ya kufungulia, Akram aikague yote. Akikosa kitu, ngoma ziendelee. Asipotoa namba, mimi naondoka na mwanangu sasa hivi."

"Mpe namba," Rabha alisema.

Tibra akatazama mlango. Nje Faraj alikuwa amevaa tayari, marafiki zake wanapiga makofi, hana habari ya lolote. Kutamka namba sita tu, na kila kitu kingerudi mahali pake, kwa sababu kweli hakupiga picha. Lakini kabla ya hiyo leo kulikuwa na miaka mitatu ya hosteli. Kulikuwa na Ghaliya anachana nywele, Ghaliya na wenzake wawili wamebanana kitanda kimoja siku ya baridi, vichwa wazi, nguo za kulalia, wanacheka wakila makaroni kwenye sufuria. Hakuna mama hata mmoja aliyejua kuwa picha hizo zipo.

"Mpe, Tibra." Sauti ya Rabha ilikuwa imeshuka, na hilo lilimwogopesha binti yake kuliko kelele. "Niangalie. Uso huu si wangu tena. Wewe ndiye umenifikisha hapa. Mpe namba."

"Siwezi, mama."

"Anaficha," mtu akasema nyuma. "Kama hana kitu, anaogopa nini?" "Ana mwanamume humo." "Kasoma huyo, ndiyo kusoma kwenyewe." Maneno yakawa yanatoka kila upande, na Hajja Mnina akanyanyuka, akaanza kujifunga shuka lake.

"Hajja," Tibra alisema. "Bibi harusi humu hayumo. Ila wamo wasichana watatu ninaolala nao chumba kimoja, vichwa wazi, na nguo za kulalia. Waliniamini. Akram ni mwanamume. Ukimpelekea hii, utawafanyia yale aliyofanyiwa Najla."

Hajja Mnina akasita, pindo la shuka mkononi. Uso ulimwiva, akafungua mdomo kumkaripia, na hakuna shaka angemkaripia vibaya. Aliyesema ni Najla. Alikuwa bado amemshika mdogo wake mabega juu ya shela, na hakupandisha sauti.

"Mama, isitoke nje."

"Nawe unamtetea?"

"Simtetei. Nakuomba isitoke nje."

Mama na binti wakatazamana kitambo, na watu wakaona haya kuwatazama. Hajja akakaa. Ghafla alionekana amezeeka.

"Basi isitoke," alisema. "Lakini kwa mwenyewe hairudi. Ivunjwe hapa, niione."

Rabha alikwenda jikoni mwenyewe, akarudi na kinu cha shaba na mchi wake. Akapiga magoti, akaitia simu kinuni. Mkono wake ulikuwa umeinuka tayari Tibra alipoushika.

"Nipe mimi, mama."

Pigo la kwanza liliteleza. La pili likapasua kioo. Alipiga mpaka vipande vikawa vinamrukia vazini, na alipokuwa anapiga alikuwa analia kwa sauti kama mtoto, haoni haya tena, maana mle ndani mlikuwa na masomo yake yote, na watu wake wote, na kila neno aliloambiwa na mtu aliyempenda. Mwisho Hajja Mnina akasema inatosha. Mama mmoja mwimbaji akaanza kugonga ngoma yake kidogo kidogo, kama anayejaribu maji kwa kidole, wengine wakamfuata, na Ruwayda akafunuliwa mara ya pili.

Asubuhi yake Rabha alikuwa anaosha masinia, Tibra anayakausha. Hawakuwa wamesemezana tangu kinu.

"Umenitia aibu mbele ya mji mzima," Rabha alisema bila kugeuka.

"Najua, mama."

"Hata nikifa watasimulia. Rabha aliyeadhiniwa kiunoni."

"Ni mimi niliyeadhiniwa, mama. Wewe hapana."

Mabega ya Rabha yakatikisika. Tibra akadhani analia, kumbe anacheka, kisha ikawa kweli analia, na mikono yake yenye povu akaiweka mbali isimchafue binti yake alipomvuta kifuani.

"Na ni mimi niliyekwambia uiweke hiyo adhana," akasema.

Simu nyingine haikupatikana. Mshahara wa baba yake ulikuwa haujaingia, na hata ungeingia, ulikuwa na wenyewe. Tibra akagundua kwamba hajui kichwani namba ya mtu hata mmoja. Alikaa siku zile kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alikuwa akishtuka usingizini akipapasa mto. Hakuwa na njia ya kuwaambia Ghaliya na wenzake lolote, wala ya kujua wanasema nini juu yake. Njia nzima ya kurudi Tripoli, kwenye gari la abiria, alikaa amekunja ngumi mapajani ili mkono usianze safari zake.

Ghaliya ndiye aliyekuwamo chumbani alipofika. Hakunyanyuka kumpokea.

"Kumbe uko hai," alisema. "'Nipo' moja, halafu kimya. Mimi silali, silali kweli, nafungua simu kila nikigeuka. Nikasema amekufa njiani. Kisha nikasema hapana, ametuchoka. Ungekuwa unatujali ungejibu."

Tibra akaweka begi chini. Akamsimulia yote, kapu, mkanda, adhana, kinu. Ghaliya alianza kucheka kwenye adhana, akawa ameziba mdomo kwa kiganja alipotajwa Akram, na kwenye kinu akaruka kutoka kitandani, akamkumbatia kwa nguvu.

"Kwa ajili yetu? Ukaivunja kwa ajili yetu?"

"Ningefanya nini?"

"Wewe si rafiki, wewe ni ndugu yangu wa tumbo moja." Akajifuta pua, akaichukua simu yake chini ya mto. "Usilie. Zote ninazo mimi. Ukipata nyingine nakurushia moja moja. Tazama."

Alikuwa anazipitisha kwa kidole. Tibra alijiona ametoka kuoga, nywele zinachuruzika maji, taulo begani. Alijiona amelala mdomo wazi. Alijiona anacheza juu ya kitanda, mikono juu, amevaa kigauni chepesi alichopewa na Sabriya. Zilikuwa nyingi kuliko alivyowahi kufikiri.

"Alhamisi naenda Misrata," Ghaliya alisema huku akiendelea kupitisha. "Binamu yangu anaolewa. Na huko nako siku hizi wanakusanya simu mlangoni, basi ni mateso matupu."

"Utaitoa?"

"Hii?" Ghaliya akacheka. "Nina ile yangu ya zamani, iliyokufa. Hiyo ndiyo nitakayowapa, hii naificha. Kila mtu anafanya hivyo, Tibra. Ni wewe tu uliyekuwa hujui."

Tibra hakucheka. Alikuwa bado anaitazama ile picha ya kigauni.

"Wakikushika," alisema, "wakataka kumpa mtu aikague, utaivunja?"

Ghaliya alifungua mdomo haraka kusema ndiyo. Halafu akaitazama simu yake, akakifuta kioo kwa mkono wa fulana, akakitazama tena.

"Hawatanishika," alisema.